Ubao Chini ya Mota

Barua ya posa ya binti yangu ilipofika, mimi na kaka yangu tulikuwa na miezi miwili hatusemezani, na kisa chenyewe kilikuwa mashine ya kupasulia mbao.

Mimi ni seremala. Nina karakana yangu Area D, hapa Dodoma mjini, na sioni haya kusema kwamba vitanda vyangu havilii na makabati yangu yanafungika bila kusukumwa na goti. Kazi hii nilifundishwa na kaka, ambaye amenizidi miaka tisa. Tulianza naye Haneti, kwenye kibanda kilichoezekwa nyasi, tukitengeneza milango, madawati na majeneza, mpaka vumbi la mbao lilipomkaa kifuani na daktari akamwambia achague kati ya randa na pumzi. Akachagua pumzi. Akarudi kwetu upande wa Chemba kulima alizeti na kufuga mbuzi, na mimi akaniachia msumeno wa meza alioutengeneza kwa mikono yake.

Kaka huyo huyo ndiye aliyenilelea mtoto. Baba wa binti yangu aliondoka mtoto hajaota meno, wala hatukuhangaika kumtafuta. Kaka alimbeba, akamnyoa, akampeleka shule siku ya kwanza akiwa amevaa koti lake la misibani kwa sababu hakuwa na koti jingine. Kwa hiyo siku ya washenga kuja kuchukua jibu la barua, mtu wa kuketi kwenye kiti cha mbele kumsemea binti alikuwa mmoja tu, na mtu huyo alikuwa hapokei simu zangu.

Sasa nieleze hiyo mashine, maana ndiyo iliyotufikisha huko.

Usifikirie kitu cha dukani. Ni meza ya vyuma vya pembe vilivyochomelewa, bati nene juu, na mpasuo katikati ambamo meno ya diski yanachomoza. Chini yake kuna mota iliyofungwa kwa bolti nne juu ya ubao wenye bawaba, ili uzito wa mota uvute na kuukaza mkanda unaozungusha diski. Ni ufundi wa mtu asiye na hela mwenye akili nyingi, na kule Haneti mashine hiyo ilifanya kazi miaka bila kulalamika. Iliponguruma, ilinguruma tu kama mashine inavyopaswa kunguruma.

Niliihamishia Area D wakati wa masika. Mvua ikanyesha, mashine ikapasua mbao, watu wakaleta kazi. Mvua ikakata. Upepo wa Juni ukaanza kutupa vumbi kwenye madirisha ya watu, na mashine nayo ikaanza kulia. Ililia kwa namna ya kuudhi: kwanza mluzi, kisha mngurumo, na ndani ya mngurumo kitu kikawa kinagonga, kinaacha, kinagonga. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alikuja mara ya kwanza na salamu, mara ya pili na ombi. Mara ya tatu alisimama tu mlangoni kwangu viganja vikiwa masikioni, akanitazama jinsi alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wake watoro.

Mimi si mtu wa kushindwa na chuma. Nilianza na diski. Nikaishusha, nikaipeleka kunolewa, nikairudisha. Ikalia. Nikafungua beringi, nikakuta mchanga, nikaweka mpya. Ilikaa kimya asubuhi moja, mchana ikalia. Nikanunua mkanda mpya, tukapata siku mbili za amani. Nikaweka kabari chini ya mguu mmoja wa meza uliokuwa haugusi sakafu vizuri, nikajipongeza, nikawasha, ikalia kwa sauti ile ile.

Fundi mwenzangu pale karakana ni mtu wa Tanga, mpole, mchapakazi, na kwake kila ugonjwa wa chuma dawa yake ni grisi. Kwao chuma kinaliwa na chumvi ya bahari, kwa hiyo amezoea kukivika grisi mpaka kinang'aa. Nilikuwa nikigeuka tu, nakuta amepaka. Na kwa upepo wa Dodoma, grisi ya asubuhi ikifika mchana imeshakuwa tope la vumbi la mbao na udongo mwekundu.

"Bwana, hapa si Tanga," nilikuwa nikimwambia. "Hapa ukipaka grisi umealika mchanga."

"Ndiyo dada," anasema, na kopo la grisi halitoki mkononi.

Bolti za mota nilizikaza kila Jumatatu, na kila Jumatatu zilikubali kukazwa zaidi, jambo ambalo lingemshtua mtu yeyote mwenye akili zake timamu. Mimi halikunishtua. Nilikuwa nimeshakata shauri kosa liko wapi. Nilikuwa nimebadilisha kila kitu isipokuwa fremu, basi ni fremu. Kaka aliichomelea ikiwa imepinda, ikakaa imepinda miaka yote, na sasa mimi ndiye ninayelipa kwa masikio yangu.

Nikampigia simu hapo hapo. Wateja watatu walikuwa wamesimama wakisubiri milango yao, simu nimeiweka spika ili mikono ibaki na spana.

"Kaka, hivi hii fremu uliichomelea ukiwa macho au umelala?"

Sikumpa nafasi ya kujibu.

"Nakuuliza kwa sababu nimeshaibadilisha mashine nzima na bado inapiga kelele. Umeniachia kopo, kaka. Kopo kabisa."

Wateja wakacheka. Mmoja alicheka kwa sauti kubwa sana, na najua kaka alimsikia kwa sababu simu ilikuwa mezani, hatua moja tu kutoka alipokuwa.

"Haya," kaka akasema, na simu ikakatika.

Sikumwamkia. Kwetu hata nyumba ikiwa inaungua, unamwamkia mkubwa wako kwanza halafu ndiyo unasema moto. Mimi nilimrukia mtu aliyenifundisha kushika randa, nikamtukana mbele ya wateja bila hata shikamoo. Lakini siku ile sikuyafikiria hayo. Nilirudi kwenye spana yangu nikiwa nimeridhika kwamba nimesema.

Julai ikapita, Agosti ikapita, na simu zake za Jumapili jioni zikakoma. Kisha barua ikaja, kwenye bahasha nzuri yenye kitambaa, ikiletwa na wazee wawili wenye heshima zao. Kijana nilimjua, anafanya kazi ya kupima viwanja, ana adabu, anakula chakula bila kuchagua. Sikuwa na neno. Washenga wakasema watarudi baada ya wiki mbili, Jumamosi saa kumi alasiri, kuchukua jibu.

Nikaanza kupiga simu Chemba. Alipokea wifi yangu.

"Yupo shamba."

Kesho yake: "Amelala."

Siku ya tatu: "Ameenda mnadani na mbuzi."

Siku ya nne wifi akachoka kunificha. "Wifi yangu, mume wangu si mgonjwa wala si kiziwi. Yuko hapa amekaa. Anajua ni wewe."

Nilimweleza binti kwamba kama mjomba wake ameamua kununa, anune, nitakaa mimi kwenye kile kiti. Binti yangu anafundisha chekechea na kwa kawaida hapandishi sauti, maana siku nzima anaimalizia kwa watoto wa watu. Aliweka chini kisahani alichokuwa anakifuta.

"Wewe ni mama. Mama anakaa ndani na wanawake. Mjomba ndiye anayenitoa."

"Na asipokuja?"

"Asipokaa pale, mama, mimi hiyo barua siijibu."

Akachukua kisahani kingine. Nilimjua. Angekaa miaka kumi bila kujibu, akiwa mpole vile vile.

Unaweza kuuliza kwa nini sikuomba radhi, yaishe. Sikuomba kwa sababu niliamini sina kosa. Nilisema fremu imepinda, na fremu imepinda. Labda maneno yalikuwa makali, lakini ukweli unaombewa radhi tangu lini? Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisemea kila asubuhi nikiwasha ile mashine, na mashine ikinijibu kwa kelele zake, na mimi nikizidi kumlaumu kaka.

Zikabaki siku tatu. Jumatano ile kukawa na msiba nyumba ya nne kutoka kwetu. Mtaani kwetu msiba ukiingia, kila chenye kelele kinazimwa mpaka marehemu azikwe: redio, mashine ya kusaga, watu wa kuchomelea, na mimi. Hakuna anayepita kuwaambia watu. Unasikia kilio, unachomoa waya. Nilienda nikakaa na wenzangu, nikamenya viazi, nikachota maji, halafu nikarudi karakana kuchukua mabenchi ya kukalia waombolezaji. Fundi mwenzangu akatangulia na mawili ya kwanza.

Nikabaki peke yangu na ile mashine ikiwa kimya, mtaa mzima ukiwa kimya. Tangu Juni tulikuwa hatujakutana hivyo. Nikaushika mkanda kwa mkono, nikauvuta ili diski izunguke polepole, bila sababu yoyote ya maana, ni mikono tu iliyozoea kugusa.

Tk.

Nikaacha. Nikavuta tena, mzunguko mmoja mzima. Tk. Kimoja tu, mahali pale pale.

Lugha yetu ya nyumbani ina vidoko. Mgeni akitusikia anadhani tunagonga ulimi ovyo. Sisi tunasikia kama umegonga nyuma ya meno, au juu kwenye kaakaa, au ubavuni mwa mdomo, na ukikosea umesema neno jingine kabisa. Ukilelewa na lugha hiyo, sikio lako linakuwa na kazi ya ziada maisha yako yote. Kile nilichokisikia hakikuwa kidoko kikavu cha nyuma ya meno, kama cha chuma kugonga chuma. Kilikuwa cha ubavuni, kizito, chenye kunatanata, kitu laini kikibanduka pembeni mwa kitu kigumu. Kwenye ile mashine kulikuwa na kitu laini kimoja tu, nacho kilikuwa mkononi mwangu. Ni mkanda, ukitoka kwenye puli, lile gurudumu linaloubeba, kwa ubavu badala ya kutoka ukiwa umenyooka.

Nikalala chali sakafuni, nikawasha tochi ya simu, nikaingia chini ya meza. Kulikuwa na unga mweusi wa mpira, lakini upande mmoja tu. Mkanda wenyewe ulikuwa umelika upande huo huo, na ulikuwa mpya wa juzijuzi. Nikachukua rula ndefu ya chuma nikaiegemeza kwenye puli mbili, ya diski na ya mota. Zinapaswa kuigusa rula sawasawa. Ya diski iligusa. Ya mota ilikuwa imegeuza uso, na kwenye ile nafasi kidole changu kidogo kikapita bila shida.

Nikasema, fremu hiyo. Nimeipata.

Nikaleta uzi ili nipate ushahidi. Fremu unaipima pembe kwa pembe, mshazari huu na mshazari ule. Ikilingana fremu imenyooka, isipolingana imepinda, wala hakuna mjadala. Nikavuta wa kwanza, nikafunga fundo. Nikavuta wa pili, na fundo likaangukia kwenye kona sawasawa. Nikarudia mara mbili, nikitumaini litakataa. Halikukataa. Nikapima kilalio cha shafti, ule mhimili wa diski, kwa pimamaji, na kiputo chake cha hewa kikakaa katikati kimetulia. Kaka aliichomelea ile fremu akiwa macho, na macho yenyewe yalikuwa mazuri kuliko yangu.

Kikabaki kitu kimoja kati ya fremu na mota, nacho kilikuwa ubao.

Nikauwekea rula kwa upana, nikaona mwanga unapita chini yake. Ubao ulikuwa umejikunja kama kigae. Kila nilipokaza bolti nilikuwa nazamisha vichwa vyake kwenye ubao uliokuwa ukisinyaa na kugeuka, na mota ikageuka nao, na puli ikageuka na mota. Ubao ule haukuwa wa kaka. Ubao wa kaka ulikuwa mweusi kwa moshi, mbaya wa sura, umepasuka kona moja. Wakati wa kuhama niliuona hauendani na karakana mpya, nikauondoa, nikapasua mninga mzuri mwekundu, nikauranda, nikaupiga msasa, nikaufunga. Machi, mvua zikinyesha. Ulikuwa bado mbichi.

Mimi! Mimi ninayewafukuza wauza mbao mlangoni kwangu kwa kuniletea mbao mbichi. Mimi ninayewaambia wateja, "Mbao hii bado ina maji, kiangazi kitakuja kukiumbua kitanda chako, rudi baada ya miezi mitatu." Mtu mwingine yeyote angeweka bati la chuma pale chini na habari ingeishia hapo. Anahitajika seremala kuona ubao mzuri hivyo na kushindwa kujizuia, akaufunga mahali ambapo hakuna atakayeuona kamwe.

Nilikaa pale pale sakafuni, kwenye unga wa mbao, nikalia. Sikulia kwa ajili ya mashine. Nililia kwa sababu niliisikia sauti yangu mwenyewe ikisema kopo, kopo kabisa, na kicheko cha yule mteja, na ile "haya" ya kaka.

Fundi mwenzangu akarudi kuchukua benchi la tatu, akanikuta.

"Tumepata, dada?"

"Tumepata."

"Ni fremu?"

"Si fremu."

Akachungulia chini ya meza, akaona rula ilivyokaa juu ya ubao, akautazama ubao, akanitazama mimi. Alikuwepo Machi nilipokuwa nikiupiga msasa huku nikijisifu.

"Hapo grisi haisaidii," akasema, akabeba benchi akaondoka.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa wa kijanja. Nitengeneze kwanza, mashine inyamaze, halafu nimpigie kaka nikiwa na habari njema, na radhi nizipitishe katikati ya habari njema. Lakini mazishi yalikuwa Alhamisi jioni, kabla ya hapo sikuweza kugusa swichi, na Jumamosi ilikuwa inakuja. Tena simu angepokea wifi. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi nilifungua zile bolti nne, nikautoa ubao, nikauweka begani, nikaenda stendi kupanda basi la Kondoa niteremke Chemba.

"Mama, mbao si zinatoka huko?" kondakta akaniuliza. "Wewe unazirudisha?"

"Hii narudisha," nikamwambia. Nikaukalisha magotini mwangu njia nzima.

Kaka alikuwa nje ya nyumba kwenye kigoda, anachonga mpini wa jembe. Amekonda, lakini mkono wake bado unakata kama zamani, tepe moja ndefu ya mbao bila kukatika. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, kaka."

Akamalizia ile tepe. Akaipuliza ikaanguka. "Marahaba."

Nilikuwa na hotuba. Nimeitunga kutoka Dodoma mpaka pale, yenye mwanzo na mwisho. Ikapotea yote. Nikamnyooshea ubao tu, kwa mikono miwili.

Akaupokea, akaufuta kwa kiganja, akafumba jicho moja akautazama kwa urefu, kisha akaugeuza akautazama kwa upana.

"Mninga," akasema.

"Ndiyo."

"Uliukata lini?"

"Machi."

"Ukaufunga lini?"

"Machi."

Akakohoa, kile kikohozi chake cha vumbi. "Na wa kwangu uko wapi?"

"Nimeuweka chini ya pipa la maji."

"Ule niliupasua kutoka kwenye boriti ya nyumba ya tembe ya babu," akasema polepole, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Miaka yote ile ulikuwa juu ya moshi wa jiko la bibi. Ulishamaliza kukauka mimi sijazaliwa. Ndiyo maana niliuweka pale."

"Nimekosa, kaka. Nilikutukana mbele ya watu na fremu yako imenyooka. Nimeipima kwa uzi mara tatu."

"Najua imenyooka."

"Sasa kwa nini hukuniambia? Niliposema inalia, wewe ulijua ni ubao."

"Nilijua. Ulisema umebadilisha mashine nzima, na ubao wangu haujikunji." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Lakini siku ile ulinipigia kunigombeza. Hukunipigia kuniuliza. Ungeniuliza, ningekwambia."

Wifi akaleta ugali na mlenda, tukala. Nilipokuwa nanawa nikasema, kama vile nawaambia maji, "Kesho saa kumi wanakuja."

"Nimesikia," kaka akasema.

Basi. Hakusema atakuja, hakusema hatakuja. Nilipoaga, aliingia ghalani akatoka na kipande cha ile boriti ya tembe, kilichobaki, cheusi tii, kigumu hata ukucha hauingii. "Funga hiki. Na uweke washa pana, zile pete za chuma za kukalia bolti," akasema, akarudi kwenye mpini wake. Nusu ya njia ya kurudi nilikuwa na shukrani. Nusu ya pili nilimkasirikia upya, kwa sababu neno moja tu la ndiyo lingemgharimu nini?

Jumamosi alfajiri niliufunga. Nikatoboa matundu, nikaweka washa pana, nikapanga puli kwa rula mpaka hata karatasi isipite. Fundi mwenzangu akasimama pembeni na kopo lake, nikamwambia alitoe nje, akalitoa. Nikawasha. Mashine ikanguruma, ikakaa kwenye sauti moja, ikabaki hapo. Nikapitisha ubao wa mkongo, mgumu kweli kweli, ikaupasua bila kelele ya ziada. Dakika kumi baadaye mwalimu mstaafu akatokea mlangoni.

"Umeuza mashine?"

"Inafanya kazi, mwalimu. Sikiliza."

Akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akauliza kama leo alasiri tunahitaji mtu wa kujaza viti vya upande wetu. Nikamwambia tunahitaji sana.

Siku nyingine ningeitisha soda kwa watu wote. Siku ile nilifagia unga wa mbao nikaenda kuoga. Binti alikuwa amepiga pasi gauni lake tangu asubuhi na amekaa nalo magotini, hajalivaa. Saa nane, bado. Saa tisa, bado. Tukawa tunapokezana kwenda dirishani kwa kisingizio cha kutazama maji ya chai.

Washenga walifika saa kumi kamili, safari hii watatu. Wakakaribishwa, wakaketi, wakatazama makabati yangu ya sebuleni kwa adabu. Mwalimu mstaafu alikaa upande wetu, na fundi mwenzangu akiwa na shati la kanisani. Kati yao kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Mshenga mkubwa alikunywa chai nusu kikombe, akakitazama kile kiti, akauliza kwa upole, "Mjomba yupo?"

Nyuma ya pazia binti yangu alikuwa bado na gauni magotini. Nikafungua mdomo kusema yuko njiani. Nilikuwa nakwenda kudanganya, na sikujua uongo huo ungenifikisha wapi.

"Hodi," mtu akasema mlangoni, akakohoa.

Alikuwa na vumbi la bodaboda mpaka kwenye nyusi. Wifi alikuwa nyuma yake amebeba kuku. Watu wakasimama, wakaamkiana, wakapeana mikono. Kaka akapita mbele yangu bila kunitazama, akaketi kwenye kile kiti, akafuta uso kwa leso. Nyuma ya pazia kukasikika gauni likivaliwa haraka haraka.

Mshenga mkubwa akaanza upya, kama inavyotakiwa. Kwamba wao walileta barua, kwamba wamerudi kwa heshima kusikia jibu, na kwamba wanaelewa msemaji wa binti huyu ni mjomba wake, kwa hiyo wanageuza uso kwake.

Kaka alisubiri mpaka akamaliza.

"Nimewasikia," akasema. "Mjomba ni mimi, na nimekaa hapa kwa sababu hapa ndipo pangu. Lakini msemaji wa binti huyu ni mama yake. Yeye ndiye fundi wa nyumba hii. Atakalosema, mimi nimelisema. Muulizeni yeye."

Washenga wakatazamana. Mwalimu mstaafu akajiweka sawa kwenye kiti. Halijawahi kusemwa hivyo, si kwetu na sidhani kama kwao. Mshenga mkubwa alifikiri kidogo, kisha akageuza kiti chake kizima, miguu yote minne, mpaka akaniangalia mimi niliyesimama mlangoni pa jikoni na birika mkononi.

"Haya, mama," akasema. "Tunakusikiliza."

Machozi yakanishuka mbele ya watu nisiowajua, na birika zito, na sikuwa na mkono wa kujifutia. Nilimtazama kaka anisaidie. Alikuwa ameshika kikombe chake, anapuliza chai, ananisubiri kama wengine. Nikaweka birika chini, nikamwambia shikamoo kwanza, ndipo nikawageukia washenga nikasema tumekubali.